Simu ni Tarishi, Si Kirangozi

Mwezi wa Agosti 2022, katika kituo cha Horombo, kilichoko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari katika njia ya Marangu, waziri wa habari na mawasiliano wa Tanzania wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kwamba intaneti yenye kasi imekwisha kufika mahali pale kwa mikono ya shirika la simu la taifa, TTCL, na kwamba azma ya serikali ni kuifikisha hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambacho hapana kilichokipita kwa kimo katika bara zima la Afrika. Habari hiyo iliizunguka dunia kwa siku chache, kisha ikasahauliwa kama habari nyingi zisahauliwavyo. Lakini mzozo ulioamshwa nayo haukulala, kwa sababu ulikuwapo kabla ya Horombo kupata mtandao na utaendelea kuwapo, kila mahali ambapo watu hufunga mizigo yao kwa hiari, wakaacha magari na vitanda, wakaenda kwa miguu siku nyingi milimani na maporini. Mzozo wenyewe ni huu: je, msafiri wa miguu achukue simu ya mkononi, au aiache nyumbani?

Wako wasemao aiache. Hoja yao ni kwamba mtu hupanda mlima ili atengane kwa muda na dhiki za mjini, na kwamba anayechukua simu huwa ameuchukua mji wote mfukoni: wadai wake, wakubwa wake wa kazi, jamaa zake, na kelele za watu asiowajua wala wasiomjua. Kwao mlima ni mahali pa faragha, karibu na kuwa mahali pa ibada, na mlio wa simu huko ni ufidhuli. Wako wengine wasemao, kwa nguvu ile ile, kwamba kuiacha ni upumbavu uliovikwa nguo za ushujaa, maana mguu ukiteguka na giza likiingia, faragha hiyo yenye kusifiwa haitamtibu mtu wala kumwonyesha njia. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya haki, na kwamba nusu hizo mbili hazikutani kwa sababu swali limeulizwa vibaya. La kuuliza si kama simu iende au isiende, bali ikienda iende kwa kazi gani, na chini ya amri ya nani.

Wazee wa pwani na wa bara, waliokuwa mabingwa wa safari ndefu za miguu kabla safari hizo hazijageuka starehe ya wageni, walilijua jibu la swali hili zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mwendo wa yapata kilomita 1,200 uliokula miezi mitatu na aghalabu zaidi, ilikuwa na mpango wake usiovunjwa. Mbele alitangulia kirangozi, ameshika bendera. Yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, wapi pa kupiga kambi na wapi pa kupita usiku bila kelele, na hapana mpagazi aliyethubutu kumpita njiani pasipo kutozwa faini. Barua nazo zilikwenda na kurudi kati ya bara na Unguja mikononi mwa matarishi, zikichukua habari za bei ya pembe, za vita, za vifo na za madeni. Tarishi alilishwa, akaheshimiwa, na kauli aliyoileta ikasikilizwa kwa makini; lakini hapana msafara uliomweka tarishi mbele ukamfuata yeye. Muradi wa makala haya ni kusema kwamba simu ni tarishi, tena hodari kuliko matarishi wote waliopata kutumwa, na kwamba maafa mengi yanayonasibishwa nayo huja pale inapopewa kazi ya kirangozi.

Nianze na haki ya tarishi kuwamo msafarani, na nianze kwa wale ambao katika mzozo huu hawaulizwi. Wanaodai ukimya wa mlima kwa kawaida ni wageni wanaokaa huko siku tano, sita au nane, kisha wakarudi makwao. Nao husahau kwamba kila mgeni anayepanda Kilimanjaro hufuatana na watu kadhaa waliobeba hema lake, chakula chake na maji yake ya kunawa uso. Watu hao, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu, hawakupanda kutafuta faragha. Wamepanda kutafuta riziki, wakiwa na mizigo ya hadi kilo 20 vichwani na shingoni, mbali na nguo zao wenyewe, na msimu ukiwa mzuri hushuka leo wakapanda tena baada ya siku chache. Mgumu anaweza kuwa ameacha Machame mke aliyekaribia kujifungua, au Rombo mama aliye mgonjwa, au Moshi mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kumwambia mtu huyo kwamba utukufu wa mlima hauruhusu ajue kama mwanawe amelala na homa ni kumtoza yeye gharama ya starehe ya mwingine, na insafu haikubali jambo hilo. Ikiwa mtandao wa Horombo unamfaa mgeni anayewarushia rafiki zake picha, ni aula umfae kwanza yule aliyembebea mgeni huyo chakula.

Wenye kupenda ukimya hupenda pia kutoa mifano ya watu wa zamani waliokwenda mbali bila simu, na mfano utajwao sana huko Marekani ni wa Emma Gatewood, bibi wa jimbo la Ohio na mama wa watoto 11, ambaye mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, kutoka jimbo la Georgia hadi kilele cha Katahdin katika jimbo la Maine, mwendo unaozidi kilomita 3,000, amevaa viatu vya raba na kutupa begani mfuko alioushona mwenyewe, bila hema. Ni kweli, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini wasimulizi huruka mwaka uliotangulia. Mwaka 1954 bibi huyo huyo aliianza njia hiyo hiyo kwa upande wa Maine, akapotea, miwani yake ikavunjika, na walinzi wa misitu walipokutana naye walimshauri arudi kwao; naye akarudi, akajitengeneza, akangoja mwaka mzima. Mfano wake, basi, haufundishi kwamba simu haifai kitu. Unafundisha kwamba aliyeweza kufika ni yule aliyekubali kwanza kugeuka. Na kama hoja ni ya umri, kwamba mlima ni wa kale na simu ni ya jana, tukumbuke ya kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na simu ya mkononi ni marika: hifadhi ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Martin Cooper alisimama katika barabara ya mji wa New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi, chombo chenye uzito uliozidi kilo moja.

Yapo pia mambo ambayo tarishi huyu huyafanya vizuri kuliko mwanadamu yeyote, na ni taksiri kutoyataja. Zamani, mtu akivunjika mguu mbali na kambi, ilibidi mwenziwe amwache peke yake akimbilie msaada, na wakati ule wa kumwacha ndio uliokuwa wa hatari kubwa kwa wote wawili, maana mmoja alibaki na baridi na mwingine alishuka mbio katika mawe yasiyotaka mbio. Siku hizi kiongozi wa msafara huweza kuomba machela, kutaja mahali alipo mgonjwa na hali yake, na kuuliza kama helikopta inaweza kuruka, naye asiondoke ubavuni pake. Moto ulipozuka mlimani mwezi wa Oktoba 2022, upande wa kambi ya Karanga, kila mwenye akili aliweza kuona faida ya habari inayotembea kwa kasi kuliko upepo. Na ziko simu za sasa zinazoweza kupeleka ujumbe wa dharura kwa setilaiti hata pasipo na mtandao wowote wa ardhini. Mtu akiyajua hayo yote kisha akaiacha simu nyumbani ili asifiwe kwa ushujaa, na baadaye watu wengine wakatumwa kumtafuta usiku wakihatarisha roho zao, ushujaa wake atakuwa ameulipia kwa roho za wenziwe.

Hata hivyo tarishi, kwa uhodari wake wote, hana mamlaka juu ya mambo mawili: hawezi kuhakikisha kwamba atafika, wala hawezi kuhakikisha kwamba akifika kitafuata anachokiomba. Haya si maneno ya kudhani. Yako matukio mawili, moja la msituni na moja la mlimani, ambayo kila anayefunga mzigo wake kwa safari ndefu angepaswa kuyajua.

La kwanza lilitukia katika njia ile ile ya Appalachian, mwezi wa Julai 2013. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kustaafu, mwenye umri upatao miaka sitini na kitu, aliyekwisha kutembea mamia ya maili katika njia hiyo, alitoka njiani kidogo katika msitu mzito wa Maine ili ajisaidie, na alipotaka kurudi hakuiona njia. Akatoa simu akamwandikia mumewe kwamba amepotea, akaomba msaada uitwe. Ujumbe haukwenda, kwa kuwa mahali pale hapakuwa na mtandao. Akapanda juu zaidi ili aupate, akajaribu tena na tena, na ujumbe ukabaki ndani ya simu. Alipiga hema lake akangoja. Watu wengi walitoka kumtafuta, na mbwa wa wapekuzi walipita si mbali na hema lile, lakini hakuonekana. Aliishi yapata majuma manne akiandika katika daftari, na baina ya maneno yake yalikuwamo maombi kwa yeyote atakayeukuta mwili wake kwamba awape habari jamaa zake. Mwili huo ulipatikana mwezi wa Oktoba 2015, chini ya maili mbili kutoka katika njia.

Sitaki kumhukumu marehemu, wala hapana aliye na haki ya kumhukumu. Mtu aliyepotea msituni peke yake hufikiri kwa moyo unaodunda, na sisi tunafikiri tumekaa vitini. Lakini tendo la kupanda juu kutafuta mtandao linastahili kutafakariwa. Kanuni ya kale ya aliyepotea ni kusimama pale pale alipotambua kuwa amepotea, kwa sababu hapo ndipo karibu na njia kuliko mahali pengine popote atakapokwenda kwa kubahatisha, na hapo ndipo watafutaji watakapoanzia. Mtu anayetafuta mtandao hufuata kanuni nyingine: huacha mahali penye matumaini ya kuonekana akaenda mahali penye matumaini ya kusikika. Bila kukusudia, tarishi amekuwa kirangozi. Ndiye anayeamua miguu ielekee wapi, naye haijui njia. Nasema haya kwa kuwa nayaona katika njia zetu pia, ambapo kijana huweza kuacha kundi lake akazunguka jabali upande wa korongo, simu mkononi, akitafuta alama mbili za mtandao ili apokee salamu zisizo na haraka yoyote.

Tukio la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo kwa hiyo lina uchungu zaidi. Tarehe 10 Mei 1996, Rob Hall wa New Zealand, kiongozi wa wapanda milima aliyejulikana ulimwenguni kwa hadhari yake, alikawia karibu na kilele cha Everest pamoja na mteja wake hadi saa iliyowekwa kuwa ya kugeuka ikapita, na tufani ikawakuta huko juu. Kulipopambazuka Hall alikuwa hai, peke yake, zaidi ya mita 8,700 juu ya bahari, na redio yake ilikuwa inafanya kazi. Wenziwe walizungumza naye mara nyingi, wakamsihi ashuke. Watu walipanda kumfuata, upepo ukawarudisha. Jioni ya siku ile redio yake iliunganishwa na simu ya setilaiti, naye akazungumza na mkewe aliyekuwa mjamzito nyumbani New Zealand. Wakakubaliana jina la mtoto, wakaagana. Hakusikika tena. Ujumbe wa yule mama wa Maine haukufika popote. Ujumbe wa Rob Hall ulivuka bahari na mabara ukafika wazi, sauti kwa sauti, na matokeo kwa wote wawili yakawa mamoja.

Hapana asemaye kwamba maongezi yale ya mwisho hayakuwa na thamani. Wasia ni jambo kubwa katika dini zetu na katika mila zetu, na mjane aliyepata kuagana amepata kitu ambacho wajane wengi hukililia maisha yao yote. Lakini na tukitaje kitu hicho kwa jina lake: ulikuwa wasia, haukuwa wokovu. Kilichohitajika kwa wokovu kilikuwa uamuzi wa saa chache nyuma, wakati ambapo miguu ingali na nguvu na mchana ungalipo, na uamuzi huo haukuhitaji simu wala redio. Ulihitaji mtu kugeuka. Ndipo tunapoona mpaka wa kazi ya tarishi. Huweza kuichukua kauli yetu mpaka mwisho wa dunia, lakini hawezi kuturudishia saa tuliyoipoteza kwa ghururi.

Na Kilimanjaro, ingawa si Everest, hufundisha somo hilo hilo kila msimu. Kileleni pale hewa ni nyepesi kiasi cha nusu ya ile ya Tanga au Mombasa, na mwili usiopewa muda wa kuizoea huasi: kichwa kikauma, chakula kikakataliwa, na kwa bahati mbaya maji yakajaa mapafuni au ubongo ukavimba. Dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kushuka, tena kushuka mapema, usiku huo huo ikibidi, hata kama kilele kinaonekana na mwezi unawaka. Sasa, nani atakayejua kwamba wakati wa kushuka umefika? Mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, kwani ugonjwa huo huanza kwa kuiba akili ile ile ambayo angeitumia kuujua. Ajuaye ni kiongozi aendaye naye, aliyemwona akitoka kituo cha Mandara na akifika kituo cha Kibo, anayesikia ulimi wake ukianza kuwa mzito na kuona mguu wake ukikanyaga upande. Daktari aliye mbali, hata akiwa bingwa, huambiwa na simu kile tu ambacho mgonjwa amekubali kukiungama. Na simu yenyewe ni mgonjwa miongoni mwa wagonjwa: betri yake huishiwa nguvu kwa baridi, ikazimika saa tisa za usiku njiani kwenda ncha ya Gilman, hali ilionyesha imejaa wakati wa kuondoka Kibo. Ndiyo maana wazoefu huilaza ndani ya nguo, karibu na ngozi, wala hawaitegemei kwa mwanga wala kwa ramani.

Lakini liko jambo lingine, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ambalo wabishani wa pande zote mbili hulipita. Simu haichukui habari zetu kwenda kwa walio mbali tu. Huleta pia amri za walio mbali zikatufikia sisi tulio njiani. David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873, wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walishauriana wakakata shauri kuuchukua mwili wake hadi pwani. Hapakuwa na mtu wa kuwaamuru wala wa kuwakataza. Walipofika Tabora walikutana na afisa wa Kiingereza, Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, maana njia iliyobaki ilikuwa na hatari nyingi. Nao, ambao ndio waliouchukua na ndio walioijua njia, walikataa kwa adabu wakaendelea. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Najiuliza ingekuwaje kama kila jioni, katika kila kambi, ingeingia sauti kutoka kwa balozi aliyeko Unguja, na sauti kutoka kwa wakubwa walioko London, kila moja na shauri lake, na kila moja imetoka kwa mtu ambaye hakuona mto wala hakusikia njaa. Yamkini shauri la wenye miguu lisingedumu hata juma moja.

Msafiri wa leo hana balozi, lakini ana hadhira. Amewatangazia watu kwamba atafika kileleni siku fulani, amechangiwa fedha kwa ajili ya hisani fulani, na ndugu na wafuasi wanangoja picha yake karibu na lile bango la Uhuru. Simu ikipata mtandao katika kambi ya mwisho, salamu humiminika: usikate tamaa, umebakiza kidogo, sisi tuko nawe. Ni salamu za mapenzi, wala waliozituma hawana nia mbaya. Lakini hawaoni uso wake. Kiongozi anayeuona uso huo na kusema turudi anajikuta anashindana si na mtu mmoja mchovu, bali na umati mzima usioonekana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mlimani mkuu si mwenye umri wala mwenye cheo wala mwenye kulipa. Ni yule aliyekwenda na kurudi mara nyingi, naye yupo hapo.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, nami nakitoa kwa anayepanda Kilimanjaro na kwa anayevuka misitu ya mbali: mahali ambapo usingethubutu kwenda bila simu, usiende nayo. Tia tahadhari zako zote kama kwamba chombo hicho hakipo, kisha kichukue. Mapatano na watu wa nyumbani yafanywe kabla ya kuondoka, na yawe na jambo moja ambalo siku hizi limesahauliwa, nalo ni maana ya ukimya. Zamani msafiri akinyamaza mwezi mzima, nyumba yake iliendelea na shughuli, kwa kuwa ukimya ulikuwa hali ya kawaida ya safari. Leo akinyamaza tangu magharibi hadi asubuhi, mama yake hukesha. Aandike basi njia atakayoifuata na siku anayotarajia kutoka, aseme wazi kwamba kabla ya siku hiyo ukimya si habari mbaya, na kwamba baada ya siku hiyo na saa kadhaa za kungoja ndipo watu waulize. Makubaliano hayo humpunguzia mtu haja ya kutoka kundini kutafuta mtandao, na humpa faragha aliyoitaka bila kuwatesa aliowaacha. Kuhusu mengine, kama kuzungumza kwa simu ndani ya kibanda ambamo wenzako wamelala, hayahitaji falsafa. Yanahitaji haya kidogo na murua.

Na yako yanayowahusu wenye mamlaka na wenye makampuni ya safari. Mtandao ukienea mlimani, na uenee. Lakini isije ikadhaniwa kwamba mahali palipo na mtandao panaweza kupungukiwa na viongozi waliofundishwa, na hewa ya mitungi, na machela. Tena mtandao huo uwe wa wagumu kama ulivyo wa wageni, bila wao kuufukuzia vizingitini. Na la mwisho, ambalo halihitaji minara wala mabilioni: katika mkataba wa kila anayepanda, kabla hajaandika jina lake katika daftari la langoni, liwekwe sharti kwamba kiongozi akisema tunageuka, safari imegeuka, na kwamba amri hiyo haikatiwi rufaa kwa simu, si kwa ofisi iliyouza safari, si kwa daktari aliye mbali, si kwa mke wala mume wala mchangiaji wa hisani. Sharti hilo likikubaliwa kwa ridhaa na kulindwa kwa sheria, simu itapanda na kushuka na watu wake salama, na wale waliotaka ibaki nyumbani watakosa sababu ya kuiogopa.